Saa za skeletoni za zamani: kabla hujaipeleka kung'arishwa, soma hapa

Wakuu habari zenu.

Juzi mdau mmoja ameleta picha za saa ya mfukoni aliyoachiwa na marehemu baba yake mkubwa, aliyekuwa baharia. Ni saa ya skeletoni: haina uso, ina kioo mbele na nyuma, na mashine yote imechongwa matundu hadi unaona mwanga ukipita. Ukiitia ufunguo inatembea masaa machache halafu inasimama. Rangi yake ya dhahabu imefifia. Fundi amemwambia amwachie, ataipiga dawa ya kung'arishia shaba kwa brashi na itarudi kama mpya. Mdau anauliza mambo matatu: ni saa ya maana au pambo tu, ampe huyo fundi au asimpe, na akitaka kukusanya saa za aina hii aanzie wapi. Mimi nimezikusanya na kuzifufua kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mwenye haraka asome aya mbili zinazofuata, zinamtosha.

Naanza na la fundi. Mkuu, usimpe. Sisemi hajui kazi, huenda ni hodari wa betri, mikanda na hata kufungua automatiki. Ila dawa ya shaba ndani ya skeletoni inaua kitu ambacho hakirudi.

Kwenye saa ya kawaida uso unafunika mashine, na mikwaruzo ya ndani haimsumbui mtu. Skeletoni ni kinyume chake. Aliyeitengeneza alichukua mashine nzima akaondoa shaba yote isiyobeba kazi, akabakisha njia nyembamba tu za kushika vito (vijiwe vidogo ambamo ekseli huzungukia), skrubu na ekseli za magurudumu. Alitoboa kwa keekee, akapitisha uzi wa msumeno wa sonara kwenye tundu, akakata kufuata mchoro, akaingia na tupa ndogo kusawazisha, halafu akachonga kila ukingo kwa mshazari wa nyuzi 45 na kuung'arisha kwa kijiti na unga laini wa almasi. Kule milima ya Jura, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafundi hutumia mashina makavu ya mmea wa gentiani unaoota hukohuko. Kazi hiyo ya ukingo ndiyo saa yenyewe, ndiyo inayolipiwa. Mashine iliyo chini yake mara nyingi ni ya kawaida kabisa, na angeiacha bila kuichonga ungeipata kwa bei ndogo.

Sasa dawa ya shaba ina chembe za kusaga, na chembe hizo zinakula kona kabla ya kugusa sehemu bapa. Ukingo uliokuwa mkali unakuwa wa mviringo. Mistari ya nakshi inafutika. Dhahabu iliyopakwa kwa umeme, ambayo unene wake ni wa mikroni tu, inaondoka na kuacha shaba tupu, na kwa hewa yetu ya pwani shaba tupu haikawii kuwa nyeusi. Mabaki meupe ya dawa yanakauka ndani ya matundu ya vito, yakikutana na mafuta yanageuka msasa unaokula ekseli. Ukishafika hapo, huwezi kuurudisha ukingo bila kukata shaba zaidi, na kwenye skeletoni hakuna shaba ya ziada ya kukata. Kwa hiyo katika saa hizi mimi nina kanuni moja: safisha, usisugue. Hiyo dhahabu unayoona imefifia, mara nyingi ni mafuta ya miaka yaliyosambaa na kukamata vumbi. Ikioshwa vizuri inarudi yenyewe.

Jinsi ya kujua kama unayo kazi ya mkono. Chukua lenzi ya fundi, ile ya kubana jichoni, yenye kukuza mara kumi. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni na si juu. Usitazame magurudumu. Tafuta mahali ambapo kingo mbili za mshazari zinakutana kwa upande wa ndani wa kona. Kama zinakutana kwa mstari mmoja mkali unaokwenda hadi mwisho wa kona bila kuvunjika, pale pamepita mkono wa mtu mwenye tupa. Mashine ya kukatia, hata ya kompyuta, inatumia kisu kinachozunguka, na kisu kinachozunguka hakiwezi kuacha kona kali ya ndani, kitaacha tao dogo. Saa zilizokatwa kwa presi hazina hata huo mshazari: ukingo umesimama wima, na ukizungusha saa unaona alama zilezile zimejirudia kila tundu.

Ninayo moja ambayo daraja la magurudumu, yaani kipande cha shaba kinachoyashika kwa juu, limechongwa tawi la majani. Kila jani lina mshipa wa katikati uliovutwa mara moja tu kwa patasi ya nakshi, unaanza mpana na kuishia mwembamba kabisa kwenye ncha. Kwenye jani lililo karibu na drumu ya kamani, ile springi kuu inayoipa saa nguvu, patasi imepitiliza, mshipa umetoka nje ya jani kwa kiasi ambacho bila lenzi hukioni. Fundi hakuificha. Aliuchonga ukingo wa hapo kwa uangalifu uleule wa majani mengine na kuendelea. Nikiwa na mgeni anayependa saa, hapo ndipo ninapomwonyesha kwanza, kwa sababu pale unaona namna mtu alivyoshika chombo chake na upande aliotokea. Brashi yenye dawa ingeifuta alama hiyo kwa dakika moja.

Tuje kwenye asili, kwa sababu inasaidia kuijua saa yako ni ya lini. Jina linalotajwa mwanzoni ni André-Charles Caron, fundi saa wa Paris aliyehudumia kasri ya mfalme Louis wa 15. Anahesabiwa kuwa wa kwanza kuchonga saa ya namna hii, miaka ya 1760. Familia hiyo ilikuwa ya ajabu. Mwanawe Pierre-Augustin, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Beaumarchais na kwa tamthilia zake, alianza kama fundi saa. Mwaka 1753 alibuni eskepimenti mpya (sehemu inayoachia nguvu ya kamani pigo kwa pigo), fundi mkubwa wa mfalme akadai ni yake, kesi ikafika Akademia ya Sayansi, na mwaka 1754 kijana akapewa haki yake. Mkwe wao, Jean-Antoine Lépine, ndiye aliyeleta badiliko ambalo saa yako inalitegemea mpaka leo. Kabla yake magurudumu yalikaa katikati ya sahani mbili nzima, moja chini moja juu. Lépine, karibu na mwaka 1764, aliiondoa ile ya juu akaweka madaraja, kila moja linashika gurudumu lake. Saa zikawa nyembamba, zikawa rahisi kufungua, na mchongaji akapata umbo la kuchezea. Bila madaraja ya Lépine, skeletoni tunazozijua zisingekuwepo.

Lakini usitegemee kukutana na saa ya Caron mtandaoni. Skeletoni nyingi zinazozunguka sokoni zilizaliwa baada ya pigo la kwatzi, yaani saa za betri. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliuza Tokyo saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, Astron. Kilichofuata Uswisi ni kilio: sekta iliyokuwa na wafanyakazi kama 90,000 mwaka 1970 ilipoteza zaidi ya nusu yao kabla miaka ya 1980 haijaisha. Saa ya kamani haikuweza tena kushindana kwa usahihi wala kwa bei. Waliobaki wakaona wauze kile ambacho kwatzi haina, yaani mashine inayotembea ukiitazama. Mwaka 1980 Corum, kampuni ya Uswisi, walitoa saa ya Golden Bridge, kazi ya Vincent Calabrese, ambamo mashine nzima imepangwa kwenye mstari mmoja na kusimama ndani ya kioo. Kule Burgdorf, Uswisi, fundi Armin Strom alijijengea jina kwa kuchonga skeletoni kwa mkono. Na karakana ndogondogo zisizo na jina zikachukua mashine moja iliyokuwa rahisi kupatikana, Unitas 6497.

Hiyo 6497 niizungumzie kidogo, maana nadhani ndiyo uliyonayo. Unitas kilikuwa kiwanda cha Tramelan, Uswisi, baadaye mashine zake zikaingia ETA, kampuni ya Uswisi inayotengeneza mashine za saa. Hii ilitengenezwa kwa saa za mfukoni: upana wake ni milimita 36.6, vito 17, ya kutiwa ufunguo kwa mkono, haina rota (kile kipande kizito kinachozunguka kwenye saa za automatiki) inayofunika kitu. Za zamani zinapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde, za baadaye 21,600. Madaraja yake ni mapana na manene, kwa hiyo mchongaji ana mahali pa kuchonga na bado panabaki nguvu. Kwenye picha yako gurudumu la sekunde liko upande wa pili wa kichwa cha ufunguo (kile unachozungusha kujaza kamani), mstari mmoja ukipita katikati. Huo unaitwa mpangilio wa Lépine, na ndio wa 6497. Ndugu yake 6498 sekunde zake zinakaa kwenye pembe mraba na kichwa cha ufunguo, kwa saa za mfukoni zenye kifuniko.

Namba ya mashine hupigwa chini ya gurudumu la balansi, lile linaloyumba huku na huku kuipa saa mapigo, lakini kwenye skeletoni mara nyingi sehemu hiyo imekatwa ikatupwa. Ikiwa haipo, tazama upande wa mishale, kwenye springi bapa inayoshika chuma cha kurekebishia saa. Umbo la springi hiyo linatofautiana mashine kwa mashine, na wakusanyaji wanalitumia kuzitambua. Tazama pia kito cha juu ya balansi. Ukiona kimeshikwa na kispringi cha rangi ya dhahabu chenye umbo la kinubi, hiyo ni Incabloc, kinga ya mshtuko iliyoanza miaka ya 1930. Saa yenye Incabloc haiwezi kuwa ya karne ya 19 hata muuzaji akiapa. Kwa picha zako mbili, mimi nasema ni ya miaka ya 1970 au 80, mkono umepita kwenye madaraja, na ni saa ya maana. Si utajiri wa kununulia kiwanja, ila ni kazi ya mtu aliyeijua kazi yake.

Kuna kundi moja ambalo ni lazima uwe macho nalo ukianza kununua. Ni mashine za zamani kweli za mfukoni, za Uswisi au Molnija 3602 za Chelyabinsk, Urusi, ambazo zimetolewa kwenye makasha yao siku za karibuni, zikachongwa haraka, zikawekwa kwenye kasha jipya la saa ya mkono lenye kioo pande mbili, kisha pete ya namba ikaandikwa jina kubwa la Geneva. Muuzaji anaandika ni ya miaka ya 1910. Mashine ni ya zamani ndiyo, lakini saa ni ya juzi na jina ni la kubandika. Utazijua hivi: kasha halina mkwaruzo wakati mashine ina umri, ndani ya matundu kuna alama za msumeno ambazo hakuna aliyezipitia na tupa, na nakshi ni ya juujuu, nukta na maua yaleyale toka saa hadi saa. Ukiipenda kwa sura yake nunua kwa bei ya sura yake. Usilipie lile jina.

Zile skeletoni za automatiki zinazouzwa madukani kwetu kwa bei ya mlo wa familia ni kitu kingine. Nyingi zina mashine za Kichina zilizokatwa kwa presi. Sizidharau, kijana anayetaka kujifunza kufungua na kufunga saa hana mwalimu wa bei nafuu kuliko hizo. Ila usiziweke kwenye mkusanyo ukidhani zitapanda thamani.

Sasa ugonjwa wa saa yako. 6497 iliyojaa kamani inatakiwa itembee karibu siku mbili. Inaposimama baada ya masaa machache, washukiwa wangu ni wawili: mafuta yaliyokauka na kamani iliyochoka. Kabla hujafungua chochote, pima. Kuna kifaa kinaitwa taimgrafa kinachosikiliza mapigo ya saa, na zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo kwa maikrofoni. Kwenye mipangilio yake weka pembe ya kuinua (lift angle), ambayo kifaa kinaitumia kukokotoa mzunguko wa balansi, iwe nyuzi 44 kwa 6497, jaza kamani, laza saa chali. Balansi yenye afya inazunguka nyuzi 270 hadi 300. Ikisoma chini ya 200 huku kamani imejaa, ni kiu ya mafuta au uchafu. Usiendelee kuitembeza kwa furaha ya kuiona tu, kila mzunguko mkavu unakula ekseli.

Kufungua skeletoni kuna mambo matatu ambayo saa ya kawaida haikudai.

La kwanza ni kamani. Kabla ya skrubu yoyote, toa nguvu ya kamani. Shika kichwa cha ufunguo kwa vidole viwili, sogeza kile kizuizi cha meno kwa kijiti, uache kichwa kirudi polepole ndani ya vidole vyako mpaka kitulie. Ukilegeza daraja huku kamani imejaa, nguvu yote inatoka mara moja, na daraja lililochongwa halina unene wa kuvumilia. Nimeona daraja la namna hiyo limepinda kiasi kwamba kito hakikurudi tena mahali pake.

Jambo la pili ni mishale. Saa ya kawaida unaegemeza nyenzo zako kwenye uso. Hapa hakuna uso, kuna pete ya namba tu, na chini yake hewa. Tumia kile kifaa cha miguu miwili kinachovuta mshale wima, na weka karatasi nyembamba ya nailoni katikati ili mshale ukiruka usichane kitu.

Kisha kufunga. Usikaze skrubu moja hadi mwisho ukaenda nyingine. Kaza kidogo hapa, kidogo pale, kwa zamu, huku ukilisukuma gurudumu la kwanza kwa kijiti. Magurudumu yakisita hata kidogo, simama. Daraja limekaa vibaya au ekseli haijaingia kwenye kito. Ekseli za balansi zina unene kama wa unywele, ukizilazimisha zinakatika.

Kuosha. Dawa nyingi za kuoshea saa zina amonia, na ni nzuri kwa shaba nzima. Kwa skeletoni nazitumia dakika chache tu, kisha nasuuza mara moja, kwa sababu shaba nyembamba iliyo kwenye mkazo ikikaa ndani ya amonia inaweza kupasuka. Mahali penye uchafu mgumu natumia kijiti laini kilichochongwa ncha, nakichovya kwenye benzini ya kujazia vibiriti, nakipitisha kufuata mchongo. Fungua madirisha na usiwe na moto karibu. Ule uma mdogo wenye vito viwili, unaoachia magurudumu kwa kila pigo la balansi, usiuloweke kwenye spiriti, maana vito vyake vimegandishwa kwa sheliki, aina ya gundi, na spiriti inaiyeyusha. Benzini haiidhuru. Kila kipande kishike kwa kibano au vidole vilivyovishwa mipira, jasho la kidole linaacha alama kwenye dhahabu ambayo utaiona kila siku.

Mafuta ya cherehani yaache kwenye cherehani. Yanasambaa, na kwenye skeletoni kila kilichosambaa kinaonekana. Mimi natumia mafuta ya saa ya Moebius: 9010 kwa balansi na magurudumu ya mwendo kasi, HP1300 kwa yale ya polepole karibu na kamani, 9415 kwa vito vya ule uma, na ekseli za uma wenyewe siziwekei kitu. Kikombe cha kito kisijae, nusu yake inatosha. Hizo chupa ni ghali kwa macho, lakini tone ni dogo mno, chupa moja inahudumia saa nyingi sana.

Skrubu iliyokatika nitaieleza kwa kituo, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wengi waharibu skeletoni nzuri. Saa moja niliyoinunua Mji Mkongwe, Unguja, ilikuwa na skrubu ya daraja iliyokatikia ndani ya sahani, kichwa hakipo, kutu imeishika. Kwenye saa nene ungeitoboa kwa keekee. Pale mkono wa shaba uliobeba tundu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba keekee ikihama kidogo tu umekwisha. Dawa yake ni shabu, hiihii ya kusafishia maji inayouzwa dukani. Kwanza unatoa kila kipande cha chuma kwenye sahani, usibakishe hata pini, maana shabu haichagui, inakula chuma chote na kuiacha shaba. Hapa kagua kwa lenzi: baadhi ya mashine zina vijiti vya chuma vilivyopigwa moja kwa moja kwenye sahani, na hizo haziingii humu. Yeyusha shabu kwenye maji ya moto hadi maji yakatae kupokea zaidi, tumia chombo cha kioo, tumbukiza sahani na uiweke mahali pa vuguvugu. Baada ya muda utaona mapovu madogo yanapanda kutoka tundu moja tu, lile lenye skrubu. Mengine yote yametulia. Skrubu inageuka tope jeusi taratibu, unalichokoa kwa sindano, unarudisha sahani, unachokoa tena. Siku ya pili au ya tatu tundu linakuwa wazi na hesi zake zimebaki nzima, vito havijaguswa, dhahabu haijaguswa. Suuza kwa maji mengi ya moto, kausha kwa joto dogo. Sijapata njia nyingine inayoheshimu shaba kiasi hicho.

Skrubu mpya itakuwa nyeupe katikati ya wenzake wa bluu. Bluu ile haikupakwa rangi, ni chuma kilichopashwa moto. Isugue kichwa kwa msasa laini kabisa hadi ing'ae bila mkwaruzo, isafishe mafuta yote, isimamishe kwenye kisahani cha vumbi la shaba juu ya moto mdogo wa spiriti. Itaanza kuwa rangi ya majani makavu, kahawia, zambarau, na karibu na nyuzi joto 300 inakuwa bluu. Itoe papo hapo. Ukichelewa inapauka kuwa kijivu na unaanza upya na msasa. Skrubu za asili zilizofifia kidogo ziache kama zilivyo, zina umri wa saa yenyewe.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Chuma kinaota kutu, kuanzia kijiti cha ufunguo kwenda ndani. Hifadhi saa kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu au dawa, uvibadilishe vikichoka. Isikae juu ya spika wala karibu na sumaku ya kava la simu. Ikianza ghafla kukimbia mbele kwa dakika nyingi, ujue imeshika sumaku, na kuiondoa sumaku ni kazi ya sekunde chache kwa fundi mwenye kifaa. Kioo, kama ni cha plastiki, hicho ndicho pekee unachoruhusiwa kukisugua: dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini vinatosha, ila kitoe kwanza kwenye kasha.

Kwa anayeanza kukusanya. Nunua moja yenye 6497, kwa sababu vipuri vyake bado vinapatikana, na kiwanda cha Sea-Gull cha Tianjin, China, wanatengeneza nakala yake ambayo vipuri vingi vinaingiliana. Ukiona mbili za bei moja, moja inameta na nyingine ni chafu, chukua chafu. Uchafu unaoshwa. Ile inayometa muulize muuzaji akupigie picha ya kona za ndani kwa karibu, na kama kona zimekuwa laini, iache ipite hata akipunguza bei. Akisema imefanyiwa sevisi, aonyeshe kipimo cha taimgrafa kikiwa na saa hiyohiyo pembeni. Kama hutaki kufungua mwenyewe, mtafute fundi anayefanya bado saa za ufunguo. Wapo, Kariakoo, Unguja, Mombasa, wazee wengi wao na vijana wachache waliofundishwa nao. Ukifika usianze na bei. Mwulize ataiosha kwa nini, na ataweka mafuta gani sehemu gani. Anayejibu bila kutaja brashi na dawa ya shaba, kaa naye.

Mkuu mwenye saa, kwa sasa usiitie ufunguo tena. Mwombe mtu mwenye kibano aitoe pete ya namba na mishale, upige picha ya upande ule karibu na kichwa cha ufunguo, mwanga utoke ubavuni, uiweke hapa. Tukishaitambua mashine kwa hakika nitakuandikia vipimo vya kamani ya kuagiza, upana, unene na urefu, maana hiyo ya zamani sitakushauri uirudishe.